Kwa Chakula cha Nani? Watoto na Viumbe wa Ajabu Wanaowafuga kwa Siri

Samaki alikuwa mdogo, urefu wake inchi mbili na kitu, mapezi mekundu, macho ya dhahabu. Msichana alimpata alipokwenda kuteka maji, akarudi naye nyumbani na kumweka kwenye bakuli. Samaki akakua. Akahamishiwa chombo kikubwa zaidi, akakua tena, akahamishwa tena, hadi nyumba nzima ikakosa chombo cha kumtosha. Hapo msichana akamtia katika bwawa la nyuma ya nyumba, na kila kilichobaki katika chakula chake akawa anakipeleka huko. Akifika, samaki huibuka na kulaza kichwa ukingoni kama mtu anayelalia mto. Akifika mtu mwingine yeyote, maji hayatikisiki.

Msichana huyo ni Yexian. Kisa chake kiliandikwa China katika karne ya 9 na Duan Chengshi, mtu wa enzi ya nasaba ya Tang aliyekuwa na kiu ya kukusanya mambo ya ajabu. Duan anasema alisimuliwa na mtumishi wa zamani wa nyumbani kwao, Li Shiyuan, mtu wa Yongzhou kusini kabisa, upande ambao leo unaitwa Guangxi. Wanaomjua Yexian wengi wanamjua kwa kiatu cha dhahabu kilichompotea kwenye sherehe, na mfalme aliyetafuta mguu wa kukitosha, ndiyo maana hutajwa kama dada mkubwa wa Cinderella. Kiatu nakiacha kando. Mwenye habari hapa ni samaki, kwa sababu katika maandishi yenye umri wa zaidi ya miaka 1,100 tayari tunaye mtoto anayemlea kiumbe wa ajabu pasipo ridhaa ya wakubwa wa nyumba.

Habari zilivuja. Mama wa kambo akaenda kuvizia bwawani, samaki asitoke. Akabadili mbinu. Akamsemesha Yexian kwa upole, eti amechoka na kazi, akampa koti jipya na kumtuma akateke maji kwenye chemchemi ya mbali. Kisha akavaa nguo kuukuu za msichana, akaficha kisu ndani ya mkono wa nguo, akaenda bwawani na kuita. Samaki akatoa kichwa. Wakati huo alishapita futi kumi. Hadithi inaongeza jambo ambalo msimulizi mwenye haya angelimeza: nyama yake ilikuwa tamu maradufu kuliko ya samaki wa kawaida. Mifupa ikafukiwa chini ya jaa la samadi.

Watoto wanaowaficha viumbe wa ajabu tunawakuta katika masimulizi ya mabara kadhaa, katika vitabu vya watoto, katika sinema, hata katika vitu vya kuchezea. Ukiuliza kwa nini siri, jibu la haraka ni kwamba watu wazima wamepoteza jicho la kuona maajabu, mtoto ndiye aliyebaki nalo. Ni jibu tamu na limeandikiwa vitabu vingi, lakini halilingani na hadithi zenyewe, hasa zile kongwe. Mama wa kambo wa Yexian aliamini maajabu kikamilifu. Angekuwa haamini, asingehangaika kubadili nguo.

Mimi nadhani siri hizi zinaanzia jikoni. Mtoto hana shamba, hana mshahara, hana ufunguo wa stoo. Chochote anachompa kiumbe wake ni chakula cha mtu mwingine, au ni tonge alilojinyima mwenyewe. Kabla haijawa hadithi ya uchawi, hii ni hadithi ya nani ana haki ya kugawa chakula cha nyumba.

Bakuli mbili kwa moja

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Vietnam. Humo kuna hadithi ambayo kila mtoto wa huko anaijua, ya msichana Tấm na ndugu yake wa kambo Cám. Tấm ameshinda siku nzima akivua kamba na samaki, Cám akamhadaa na kumwaga vyote kwenye kikapu chake. Kwenye kikapu cha Tấm kikabaki kisamaki kimoja, bống. Mzee mtakatifu anayewatokea wanyonge katika hadithi za huko anamwambia akitie kisimani na akilee. Maelekezo yake yana hesabu ndani yake: kila mlo, kama chakula chako ni bakuli tatu, kula mbili, ya tatu mpelekee samaki.

Hapo hakuna chakula cha kichawi wala damu ya joka. Ni theluthi moja ya wali wa msichana ambaye tayari anapunjwa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya sinia moja anajua ugumu wa jambo hilo: kuinuka na tonge mkononi bila mtu kuuliza unakwenda wapi nalo. Watoto wetu hufanya hivyo kila siku na paka wa uani. Ukoko unapigwa kumbo mpaka ukingo wa sahani, unafichwa kwenye kiganja, kisha mtu anasema amekwenda kunawa.

Hadithi ya tatu ya ukoo huu imo katika mkusanyiko wa ndugu Grimm wa Ujerumani, namba 130. Kuna dada watatu: mmoja ana jicho moja, wa pili macho mawili kama sisi, wa tatu macho matatu. Mwenye macho mawili anachukiwa na mama na dada zake kwa kufanana na watu wa kawaida, naye hulishwa makombo. Siku moja analia machungani kwa njaa, mwanamke mwenye hekima anamfundisha maneno ya kumwambia mbuzi wake, na mbuzi anatandika meza iliyojaa vyakula. Msichana anakula na kushiba. Kilichomponza ni adabu ya shibe: jioni alirudi nyumbani akaacha makombo yake bila kuyagusa. Siku mbili tatu makombo yakabaki, dada zake wakaanza kuulizana huyu anakula wapi.

Huo ndio ufundi wa hadithi hizi ambao msomaji wa haraka huuruka. Siri haifichuki kwa radi wala kwa ndoto, inafichuka kwenye sahani. Baada ya hapo hufuata upelelezi. Dada mwenye jicho moja anatumwa machungani, msichana anamwimbia mpaka analala. Anatumwa mwenye macho matatu, wimbo unayalaza mawili, la tatu linajifanya limelala na kuona kila kitu. Kule Vietnam, Cám anajificha na kulikariri shairi ambalo Tấm humwitia samaki. Mama wa kambo wa Yexian yeye alitumia nguo. Kila mahali alama ya mapenzi, iwe wimbo au vazi, ndiyo inayogeuzwa kuwa mtego, na kila mahali kiumbe anauawa na mtu mzima wa nyumba hiyo hiyo. Samaki wote wawili wakaliwa.

Wataalamu wa masimulizi wana orodha ya kimataifa ya aina za hadithi. Ilianzishwa na Antti Aarne wa Finland mwaka 1910, ikapanuliwa na Mmarekani Stith Thompson, kisha ikarekebishwa na Hans-Jörg Uther wa Ujerumani mwaka 2004. Humo hadithi ya mbuzi ni namba 511, jirani kabisa na namba 510 ya Cinderella, na zimechanganyikana kiasi kwamba si rahisi kuzitenganisha. Orodha hiyo inasaidia kuona kwamba kiumbe mlezi na msichana mwenye njaa ni watu wa safari moja tangu zamani. Haielezi kwa nini.

Mimi maelezo yangu ni haya. Mtoto aliyefiwa na mama ameondokewa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumlisha. Hapo anafanya jambo la ajabu kuliko ajabu yote ya hadithi: anakuwa mlishaji. Badala ya kungoja mama mpya amhurumie, anajipa cheo cha mama kwa kiumbe mdogo kuliko yeye. Mama wa kambo anapochukua kisu hamwondoi samaki tu, anakataa kwamba msichana huyo anaweza kuwa na mtu wa kumlisha. Ndani ya nyumba yake, mgawaji ni mmoja.

Na mifupa? Mifupa hulipa. Yexian alipokuwa akilia, mtu mwenye nywele timutimu na nguo mbovu alishuka kutoka mbinguni, akamweleza mifupa ilikofukiwa, akamwambia aifiche chumbani na kuiomba anachotaka. Akapata dhahabu, lulu, nguo, chakula. Mifupa ya bống iliwekwa kwenye vyungu vinne, chini ya miguu minne ya kitanda. Matumbo ya mbuzi yalizikwa mbele ya mlango, ukaota mti wa majani ya fedha na matunda ya dhahabu. Lakini Duan Chengshi ana mkia wa hadithi ambao wanaosimulia leo huukata. Mfalme aliyemwoa Yexian aliichukua mifupa akaiomba vito bila kiasi. Mwaka mmoja ikatoa, mwaka uliofuata ikanyamaza. Akaizika ufukweni pamoja na lulu nyingi, akiiweka akiba. Askari wake walipoasi, akataka kuifukua apate cha kuwalipa, na usiku mmoja bahari ikaja ikachukua yote. Mfalme huyo hakuwahi kumpa yule samaki hata punje ya wali.

Siri ina kimo chake

Jambo la pili linalojirudia katika hadithi hizi ni kukua. Kiumbe hukua upesi kuliko mtoto, upesi kuliko nyumba. Vyombo vya Yexian vinavyobadilishwa kimoja baada ya kingine ni saa ya ukutani: kila chombo kipya kinasema muda wa kuficha unakwisha.

Uchawi mwingi hauhitajiki hapo. Mtoto wa mbwa aliyeokotwa chini ya kibanda, ndani ya mwaka mmoja tu anakuwa mbwa mzima au karibu na mzima. Mtoto aliyemwokota katika muda huo amepanda darasa moja. Kwa hiyo mtoto yeyote aliyewahi kulea mnyama ameishi jambo ambalo wazazi hulingoja kwa miaka ishirini: kumwona aliyemlea akimpita kimo, akimshinda nguvu, akitaka kuondoka. Hadithi ya kiumbe wa ajabu inaongeza chumvi tu. Mwanzoni siri ni rahisi kwa sababu posho inatosha. Siku kiumbe anapohitaji zaidi ya makombo, mtoto analazimika kuiba, na anapoiba, siri haiko mbali na kufichuka.

Pwani yetu: paka, paa na sinia la usiku

Je, sisi tuna hadithi ya mtoto anayeficha kiumbe? Nimepitia masimulizi ya Unguja aliyoyakusanya Edward Steere na kuyachapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Viumbe wa kufugwa wamo, na chakula kimo hadi kimepitiliza. Walioshika chakula hicho, hata hivyo, ni watu wazima, na mmoja wao anafanya kila kitu hadharani.

Huyo ni Sultani Majnun. Ana paka wake. Paka anamla ndama, watu wanakwenda kushitaki, Sultani anasema paka ni wake na ndama ni wake. Ni jibu lisilo na mlango wa kulijibia. Anakula mbuzi, anakula ng'ombe, punda, farasi, ngamia, na kila wakija jibu ni lile lile. Anamla mtoto wa mtu, jibu halibadiliki. Paka anahamia porini, anazidi kukua, hadi siku anapowala watoto wa Sultani mwenyewe. Ndipo baba anapotamka kwamba huyu si paka tena, ni nunda.

Kitakachofuata mnakijua kwa wimbo wake. Mtoto wa mwisho, aliyeitwa Mkaa Jikoni, anatoka kumsaka nunda mla watu. Anaua mbwa, anamkokota hadi kwa mama akiimba kwamba amemuua nunda. Mama anamjibu kwa wimbo kuwa siye. Anaua mnyama mwingine mkubwa zaidi, siye. Hatimaye anafika hadi kwa kifaru na tembo, wote siye, mpaka anampata mwenyewe mlimani. Tazama nani kapewa kazi hiyo. Ndugu zake wakubwa walikaa barazani na baba. Huyu alikaa jikoni, na mkaa jikoni ndiye anayejua nyama ngapi zimetoka na zimekwenda kwa nani.

Ukimweka nunda mbele ya samaki wa Yexian utaona kitu. Wote wawili wanalishwa na kukua kupita kiasi. Mmoja analishwa kwa kujinyima na anakuwa neema. Wa pili analishwa mali ya watu kwa amri ya mkubwa asiyeulizwa, naye anakuwa balaa. Wazee waliosimulia Unguja hawakuona hatari katika siri ya mtoto. Waliiona katika upendeleo wa mtawala unaofanyika mchana kweupe.

Hadithi ya pili katika kitabu hicho hicho ni ya Sultani Darai na paa. Hamdani ni fukara anayechakura jaani akiokota punje za mtama. Siku moja anapata thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Majirani wanamcheka: wewe mwenyewe huna cha kula, paa utamlisha nini? Anagawana naye punje zake. Paa huyo anasema kama watu, na kuanzia hapo yeye ndiye anayefanya kazi yote: anapata almasi, anaipeleka kwa sultani mmoja akijifanya ametumwa na bwana mkubwa aitwaye Sultani Darai, jina analompachika Hamdani, anamposea Hamdani binti wa sultani huyo, anaua nyoka wa vichwa saba na kumtwalia bwana wake nyumba ya kifahari. Kisha paa anaugua. Anamtuma mtu aende kumwambia bwana wake. Hamdani, mwenye ghala sasa, anajibu apikiwe uji wa mtama, ule mtama duni. Mke anastaajabu, anampikia paa wali yeye mwenyewe. Paa anakufa kwa uchungu, na bwana anaamuru atupwe kisimani. Usiku ule mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao. Hamdani anaota anachakura jaani, anaamka yuko jaani, mikono ndani ya taka.

Kosa la Hamdani halikuwa kumnyima. Alimpa. Alimpa uji wa bei ya chini kuliko hadhi ya deni lake. Katika hadithi zote nilizozitaja, sijaona adhabu iliyopimwa kwa usahihi kama hiyo, bakuli kwa bakuli.

Sasa mtu atauliza kwa nini pwani yetu haikumwachia mtoto kazi hii ya kulisha kwa siri. Nadhani ni kwa sababu kulisha kiumbe wa ajabu kwa siri tayari kuna mwenyewe katika fikra zetu, na si mtoto. Mtu akitajirika ghafla bila biashara inayoonekana, hawakosekani wa kunong'ona kwamba anafuga jini. Maelezo yake kila mtaa unayajua: chumba kisichofunguliwa, siku maalumu za wiki, sinia lenye halua na mayai, marashi, ubani. Kwenye masimulizi mazito zaidi, jini huchoka na mayai na kutaka damu, halafu hutaka ndugu. Hayo ni masimulizi, nayachukua kama masimulizi. Ila muundo wake ni ule ule wa vyombo vya Yexian, umegeuzwa tu: kiumbe hukua, posho hupanda, na siku moja makombo hayatoshi.

Kwa masikio yaliyozoea hayo, mtoto anayeonekana wakati wa magharibi akiweka wali nyuma ya nyumba na kusema anamlisha rafiki asiyeonekana hachekeshi hata kidogo. Bibi atavua kandambili, atamtafuta mwalimu wa madrasa, na jioni hiyo hiyo nyumba itasomewa. Mwandishi wa hadithi za watoto wa Kiswahili anayetaka kuingiza joka la kufichwa uvunguni inabidi ajue anaingia kwenye nyumba ya namna hiyo. Hawezi kumtua joka hapo kama mzigo wa bandarini na kutegemea msomaji ataona ni mapenzi matupu.

Huko kusini mwa bara hili kuna hadithi inayopindua kila kitu. George McCall Theal aliichapisha mwaka 1882 kutoka kwa Waxhosa: mtu maskini anamkamata ndege aliyekuwa akiharibu kazi ya shamba, ndege anaomba asiuawe kwa sababu yeye hutoa maziwa. Wazazi wanamficha ndani na kunywa. Watoto wanagundua, wanakunywa, wanawaita wenzao, na katika kuonyeshana ndege anatolewa nje na kuruka. Hapa wenye siri ni wakubwa, na watoto ndio wanaogawa hadharani kilichofichwa. Sijui hadithi nyingine inayosema wazi namna hii kwamba siri ni ya yule anayeshika chakula, si ya umri fulani.

Mlango unaofungwa na friji iliyojaa

Hadithi ya kisasa, ile ya mtoto wa mjini anayemficha kiumbe chumbani, ilihitaji vitu viwili ambavyo kwa karne nyingi watoto wengi hawakuwa navyo: chumba chenye mlango, na nyumba ambayo chakula kikipungua hakuna anayehesabu. Kwenye chumba wanacholala watoto watano na bibi yao huwezi kuficha hata kifaranga.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni sinema ya Steven Spielberg ya mwaka 1982, *E.T.*, kuhusu kiumbe wa sayari nyingine aliyeachwa Marekani. Elliott, mvulana wa miaka kumi, anamvuta hadi ndani kwa kumwaga pipi njiani, moja moja. Pipi ndiyo mali pekee ambayo mtoto wa nyumba kama hiyo anaweza kuiita yake kabisa, kwa hiyo hata hapa mambo yanaanzia kwenye posho ya mtoto. Anaweka kipimajoto kwenye balbu ili aonekane ana homa asiende shule. Mama anafungua kabati, anatazama safu ya midoli, macho ya kiumbe yako katikati ya midoli hiyo, naye anafunga kabati na kuendelea na shughuli zake. Si kwamba haamini. Kumejaa vitu.

Halafu kiumbe anaachwa peke yake, anafungua friji na kunywa bia, na kule shuleni Elliott ndiye anayelewa. Kwangu hiyo ndiyo sehemu inayoonyesha kilichobadilika. Katika hadithi za zamani mtoto mwenye njaa anamlisha kiumbe, na kiumbe humlipa chakula na mavazi. Hapa mtoto ameshiba. Baba ameondoka nyumbani, na njaa iliyopo ni ya mtu wa kuwa naye. Malipo ya kiumbe ni kuhisi pamoja: akinywa huyu, analewa yule. Adui naye amebadilika. Mama si mchinjaji tena, amechoka tu. Wanaokuja na visu ni watu wa serikali, wenye mavazi ya maabara.

Sura ya kiumbe nayo imefanyiwa kazi. Mwaka 1943 mtafiti wa Austria Konrad Lorenz alieleza alama zinazoamsha ulezi kwa binadamu: kichwa kikubwa kuliko mwili, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya mviringo. Wachoraji wa katuni wanazitumia kama wapishi wanavyotumia chumvi. Carlo Rambaldi, aliyeunda sanamu ya kiumbe wa Spielberg, aliongeza mikunjo ya wazee, akichota katika sura ya Albert Einstein miongoni mwa wengine. Ndiyo maana ukimtazama humwelewi kama ni mtoto au babu, na mtoto anayemlea analea vyote viwili.

Je, watoto halisi wana viumbe kama hao? Wanao, wengi kuliko tunavyodhani. Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon na wenzake walieleza mwaka 2004 kwamba kati ya watoto waliowafuatilia, 65% walikuwa wamewahi kuwa na mwenzi wa kubuni kufikia umri wa miaka 7, wengine wakiwa watu, wengine wanyama, wengine vitu vya kuchezea vilivyopewa roho. Watoto hao walijua vizuri kwamba mwenzi wao si wa kweli. Mzazi anayeogopa amepata mwana aliyepagawa anaweza kupumua.

Kwa Waislamu wa pwani kuna kielelezo cha karibu zaidi ya utafiti wowote. Katika hadithi sahihi iliyopokewa na Anas bin Malik, mdogo wake Anas, mtoto aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na kidege cha kuchezea. Mtume alipokuwa akiwatembelea alimwuliza: ewe Abu Umayr, yule kidege amefanya nini? Mtu mzima, tena mwenye shughuli za umma mzima, anamwuliza mtoto habari za kidege. Mtoto akiulizwa hivyo, cha kuficha kinapungua sana.

Vifungo vitatu

Mwishoni mwa 1996, tarehe 23 Novemba, kampuni ya Bandai ya Japani iliuza sokoni yai dogo la plastiki lenye kioo na vifungo vitatu, Tamagotchi. Ndani ya yai kuna kiumbe anayeanguliwa, anayelia akiwa na njaa, anayejisaidia na kutaka kusafishwa. Siku moja kwetu ni mwaka mzima kwake. Ukimsahau, anaweza kufa kabla siku haijaisha.

Hapo kuficha kukatoka hadithini kukaingia madarasani. Watoto waliyabeba mayai kwenye mifuko ya sare, wakalisha chini ya madawati, walimu wakasikia mlio, shule nyingi zikapiga marufuku. Lakini marufuku haikumwondolea kiumbe njaa. Mtoto akiwa darasani kutwa nzima, nani atabonyeza kitufe? Watoto wakawaachia mama zao. Mama walikwenda nayo kazini, wakayaweka karibu na kompyuta, wakalisha kati ya simu moja na nyingine, wakachungulia kama bosi anawaona.

Mwaka 1997 wabunifu wake, Aki Maita wa Bandai na Akihiro Yokoi wa kampuni ya WiZ, walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, upande wa uchumi, kwa kuelekeza mamilioni ya saa za kazi kwenye ufugaji wa wanyama wasiokuwepo. Waliotoa tuzo walikuwa wakitania, lakini hesabu yao ilikuwa sawa. Kiumbe huyu hali wali wala pipi. Anakula muda, na muda wenyewe, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ni wa mwajiri.